Kadi ni ya mgonjwa, si ya kampuni: Jinsi ya kumchagulia mzee mhudumu wa nyumbani

Wiki mbili zilizopita nilipokea barua pepe ya msomaji wa safu hii, mama wa Kitanzania aliyeolewa kusini mwa jimbo la Ohio, Marekani. Baba mkwe wake ana miaka 79. Ujana wake wote aliutumia katika kiwanda cha kurutubisha urani cha Piketon, karibu na mji wa Portsmouth. Leo mapafu yake yamechoka, anatembea na mashine ya oksijeni, na ngazi tatu za barazani zinamtosha kukaa chini dakika kumi akitafuta pumzi.

“Mzee alipata kadi yake ya matibabu mwezi uliopita,” anaandika. “Tangu hapo simu haziishi. Kampuni ya kwanza ya huduma za nyumbani ilituletea kapu la matunda. Ya pili ilitualika chakula cha mchana hotelini. Ya tatu inasema mzee atapata mtu wa kukaa naye saa 24, na hata kumwona hawajamwona. Mume wangu anasema tuchukue yoyote, maana anayelipa ni serikali. Mimi nimefanya kazi ya kutunza wazee huku kwa miaka sita, na moyo wangu unasita. Tuchagueje?”

Nimeamua kumjibu hapa hadharani kwa sababu swali lake si la nyumba moja. Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi walioko Marekani wanaishi kwa kazi hiyohiyo ya kutunza wazee na wagonjwa majumbani. Wapo waliooa au kuolewa katika familia za wafanyakazi hao wa zamani. Na wewe uliyeko Tabora au Nakuru, huenda mwanao anayebeba boksi huko ndiye atakayetumwa kesho asubuhi kubisha hodi kwa mzee kama huyu.

Kadi hiyo imetoka wapi?

Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalipa fidia wafanyakazi walioumia kiafya katika viwanda vya silaha za nyuklia. Kwa miaka mingi kabla ya hapo wafanyakazi hao waliambiwa kwamba maradhi yao hayana uhusiano na kazi. Sheria hiyo inasimamiwa na Wizara ya Kazi ya nchi hiyo, na inagusa zaidi ya vituo 300 vilivyowahi kufanya kazi hizo.

Sehemu yake ya kwanza, inayojulikana kama Sehemu B, inahusu saratani zitokanazo na mionzi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na madini ya beriliamu, na silikosi kwa waliochimba mahandaki ya majaribio ya mabomu huko Nevada na Alaska. Anayekubaliwa hulipwa dola 150,000 kwa mkupuo. Mwaka 2004 ikaongezwa Sehemu E kwa wafanyakazi wa makandarasi walioumizwa na sumu za aina nyingine, kama vumbi la asbesto, viyeyusho vya kusafishia mitambo na metali nzito. Malipo ya sehemu hiyo yanaweza kufika dola 250,000, kutegemea mwili umepoteza uwezo kiasi gani na mishahara iliyopotea.

Jambo hili lina mkono wetu wa Afrika pia. Urani iliyotumika katika mradi wa bomu la kwanza la Marekani, kwa sehemu kubwa, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ya wasemaji wa Kiswahili. Ilisafishwa katika viwanda kadhaa, kikiwamo kimoja cha mjini St. Louis. Wafanyakazi wa kiwanda hicho cha St. Louis wamo katika sheria hii. Waliochimba jiwe lenyewe kule Shinkolobwe hawamo.

Kadi inalipa nini?

Familia nyingi hutazama ule mkupuo wa dola na kusahau kadi. Kwa mgonjwa wa miaka mingi, kadi inaweza kuwa na thamani kuliko mkupuo. Inalipia matibabu ya ugonjwa uliokubaliwa kwa asilimia 100, mgonjwa hachangii chochote, na gharama hizo hazipunguzwi kutoka katika zile fedha za fidia. Humo mna dawa, hospitali, mashine ya oksijeni, kitanda cha mgonjwa, nauli za kwenda kwa daktari, na huduma za nyumbani pale daktari anapoeleza kwamba zinahitajika.

Hapa ndipo inapotofautiana na Medicare, bima ya afya ya wazee wa Marekani. Medicare hulipia huduma ya nyumbani ya muda mfupi au ya vipindi, kwa mtu asiyeweza kutoka nyumbani kwa urahisi. Mpango huu wa wafanyakazi wa nyuklia unaweza kulipia saa nyingi zaidi, hata mchana na usiku, kwa muda mrefu, ikiwa hali ya mgonjwa inadai hivyo. Kwa kampuni, mgonjwa wa namna hiyo ni mapato makubwa. Sasa unaelewa kapu la matunda limetoka wapi.

Lakini zingatia neno “uliokubaliwa”. Ikiwa wizara imekubali ugonjwa wa mapafu, kadi hailipii goti lililochakaa kwa uzee. Ugonjwa mwingine ukizaliwa na ule wa kwanza au na dawa zake, kwa mfano kisukari kilichotokana na kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, mgonjwa anaweza kuomba nao uongezwe. Hilo hufanywa kwa maandishi ya daktari, si kwa maneno ya mhudumu.

Nani anaamua nini?

Ukielewa sehemu hii, nusu ya maneno ya wauzaji yatakwisha nguvu. Wapo watu wanne, na kila mmoja ana kazi yake.

Mgonjwa ndiye anayeomba huduma na ndiye anayechagua kampuni. Daktari anayemtibu ndiye anayemwona ana kwa ana na kuandika kwa nini anahitaji huduma, ya aina gani, saa ngapi kwa siku na kwa muda gani. Wizara ya Kazi ndiyo inayosoma maelezo ya daktari na kutoa kibali kabla huduma haijaanza. Kampuni inakuja mwisho, kutekeleza kilichoandikwa na kuruhusiwa.

Kwa hiyo kampuni inayoahidi saa 24 kabla ya daktari kuandika neno lolote inaahidi kitu kisichokuwa chake. Na kibali si cha maisha. Hutolewa kwa muda maalumu, kisha daktari huandika upya. Daktari akiandika kwa mkato, “mgonjwa anahitaji msaada nyumbani”, basi saa zinaweza kupunguzwa au kukataliwa. Anapaswa kueleza: hawezi kuoga mwenyewe kwa sababu anaishiwa pumzi, ameanguka mara mbili, hawezi kubadilisha mtungi wa oksijeni usiku, dawa zake zinahitaji muuguzi kuzisimamia. Mwanafamilia anayekwenda na mzee kliniki amsaidie daktari kwa kuandika mambo hayo nyumbani, siku kwa siku, kabla ya miadi.

Pia kuna ngazi za watoa huduma. Muuguzi mwenye leseni kamili hupima hali, husimamia mpango wa huduma na kuwasiliana na daktari. Muuguzi wa ngazi ya chini yake hufanya kazi nyingi za kitabibu chini ya usimamizi. Mhudumu wa nyumbani husaidia kuoga, kuvaa, kula, kutembea na kwenda chooni. Kwa kawaida mhudumu huyo hachomi sindano wala hasafishi vidonda vikubwa. Usikubali kupewa mhudumu pale daktari alipoandika muuguzi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Ita angalau kampuni mbili au tatu, kila moja kwa siku yake, na mzee mwenyewe awepo. Weka daftari mezani na uulize haya.

1. Mmesajiliwa na mpango huu wa Wizara ya Kazi, na leseni yenu katika jimbo hili iko wapi? Kampuni isiyosajiliwa na mpango haitalipwa, na ankara inaweza kuishia mlangoni kwako. Kama kampuni inapokea pia wagonjwa wa Medicare, tovuti ya bima hiyo ina alama za ubora wake ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Kama haimo, si lazima iwe mbaya, ila uliza zaidi.

2. Mmewahi kuhudumia wagonjwa wenye ugonjwa kama wa mzee? Mgonjwa wa mapafu si sawa na mgonjwa wa saratani ya mifupa. Omba muuguzi akueleze atafanya nini kiwango cha oksijeni kikishuka saa nane za usiku. Jibu la “tutapiga simu ya dharura” peke yake halitoshi. Muuguzi anayejua kazi atakwambia kwanza ataangalia mpira, kisha mashine, kisha atamkalisha mgonjwa vipi, na ni wakati gani hasa ataita gari la wagonjwa.

3. Nani atakuja, na asipokuja nani anashika nafasi yake? Uliza kama mzee atakuwa na watu wawili au watatu wanaojulikana, au kila wiki sura mpya. Uliza pia wahudumu wao hukaa kazini muda gani, wanafunzwa vipi na wanalipwa likizo. Mhudumu anayenyanyaswa na mwajiri wake haachi uchovu wake mlangoni. Atauingiza hadi chumbani kwa mgonjwa.

4. Muuguzi msimamizi atamtembelea mzee mara ngapi? Msimamizi anayeonekana siku ya kusaini tu hana maana. Yeye ndiye anayepaswa kugundua kidonda kinachoanza kiunoni au miguu inayovimba, na kumwarifu daktari kabla ya mambo kuharibika.

5. Mpango wa huduma na taarifa za kila siku zitakaa wapi? Jibu zuri ni kwamba nakala itakaa nyumbani kwa mgonjwa, na familia ina ruhusa ya kuisoma.

6. Mtafanya kazi na daktari wetu? Baadhi ya kampuni hupendekeza daktari “wao”. Kupata daktari anayeujua mpango huu ni msaada, hasa vijijini. Lakini daktari anayeandika chochote kampuni inachotaka hamtibu mzee wako.

7. Tukitaka kuhama, tufanyeje? Mgonjwa ana haki ya kubadilisha kampuni. Huandika kwa wizara, na kampuni mpya huombewa kibali chake. Anayekwambia umefungwa kwa mkataba, au kwamba kampuni yake ndiyo pekee inayotambuliwa na serikali, hasemi kweli.

Baada ya maswali hayo, mgeukie mzee. Muulize yeye nani alizungumza naye, na nani alizungumza juu ya kichwa chake. Wazee hawa walifanya kazi za siri kwa miaka mingi, na wengi walizoea kunyamaza hata wakiumia. Jibu lake linaweza kuwa fupi, lakini lipe uzito.

Dalili za kukukimbiza

Kwanza, zawadi na fedha. Sheria za Marekani zinakataza kutoa rushwa au marupurupu ili kupata wagonjwa wanaolipiwa na serikali. Wizara ya Sheria ya nchi hiyo imewahi kuzifuatilia kampuni za huduma za nyumbani katika mpango huuhuu kwa madai ya kuwapa wagonjwa fedha na vishawishi. Kapu la matunda linaweza kuwa adabu tu. Ila kampuni inayotoa fedha, au inayolipa bili zako ili usaini, itazirudisha kutoka mahali fulani.

Pili, anayeomba namba ya kadi au namba ya hifadhi ya jamii kwa simu. Kadi ya mzee itunzwe kama kadi ya benki.

Tatu, kampuni inayotaka kuwa mwakilishi wa mzee katika madai yake. Mwakilishi anatakiwa kusimama upande wa mgonjwa. Hawezi kuwa huohuo mkono unaopokea malipo ya huduma. Na ikiwa unatumia wakili au mwakilishi, ujue sheria imeweka mipaka ya ada: asilimia 2 ya fedha za mkupuo kwa kufungua dai la mwanzo, na asilimia 10 kwa kazi ya kupinga uamuzi uliopendekezwa. Anayedai robo ya fidia anavunja sheria.

Nne, na hii ndiyo kubwa, karatasi za saa zisizojazwa. Ukiambiwa “saini hapa, tutajaza wenyewe”, weka kalamu chini.

Wiki nne za mwanzo

Uchaguzi haukomei kwenye saini. Mwezi wa kwanza ni wa kutazama. Je, mhudumu anafika kwa wakati? Ananawa mikono anapoingia? Anamwita mzee kwa jina analolipenda? Mzee anaoga kwa heshima, mlango umefungwa, au anavuliwa kama mtoto mbele ya televisheni? Dawa zinaandikwa zinapotolewa? Nyumba yenye oksijeni haina sigara, mshumaa wala jiko la moto karibu na mgonjwa? Ngozi ya kiuno na visigino inatazamwa kila siku kwa mgonjwa asiyegeuka mwenyewe?

Kuna dalili nzuri moja ambayo familia nyingi huipita bila kuiona: mzee anaanza kufanya jambo dogo aliloliacha. Anatoka barazani. Ananyoa ndevu. Huduma nzuri humsaidia mtu kufanya anachoweza, haimgeuzi gogo la kitandani ili saa ziongezeke.

Mambo yakienda kombo, sema na muuguzi msimamizi kwanza, kwa maandishi. Yasipobadilika, nenda katika mojawapo ya vituo 11 vya msaada ambavyo wizara imeviweka nchini humo. Kimoja kipo Portsmouth, Ohio, si mbali na msomaji wetu. Huduma yake ni ya bure, na watumishi wake watakuonyesha fomu na namna ya kuwapata watoa huduma waliosajiliwa. Ipo pia ofisi ya kusikiliza malalamiko ya wadai, iliyo nje ya kitengo kinachoamua madai.

Kwako unayefanya kazi hii

Nina neno kwa wahudumu wenyewe, kwa sababu najua mnasoma safu hii usiku mkiwa zamu. Siku moja msimamizi anaweza kukwambia uandike saa nane wakati ulikaa tano, au uandike kwamba ulimwogesha mgonjwa siku ambayo ulikuwa kwingine. Atasema kila mtu anafanya hivyo. Fedha hizo ni za serikali ya shirikisho, na jina lililo chini ya karatasi ni lako. Kesi ikija, anaweza kukukana. Kwa mtu ambaye hadhi yake ya uhamiaji haijakaa sawa, saini moja ya uongo inaweza kubomoa miaka kumi ya jasho.

Andika ulichofanya, saa ulizofanya. Tunza nakala yako. Ukiona mzee anapuuzwa, mwambie muuguzi na uandike tarehe. Na ukipata kampuni inayokuuliza umelala saa ngapi kabla ya kukupa zamu nyingine, ishike, kwa maana inayokujali wewe itamjali na mgonjwa.

Jibu langu kwa msomaji

Dada yangu, moyo wako ulisita kwa haki. Mume wako hakukosea aliposema serikali ndiyo inalipa. Lakini serikali inalipa ankara tu. Anayelipa kwa kidonda cha mgongo, kwa dawa iliyosahauliwa, kwa usiku wa kuhangaikia pumzi peke yake, ni mzee.

Hivyo msiwakimbilie wala msiwafukuze wote. Nendeni kwanza kwa daktari wake, mkiwa na daftari la wiki mbili linaloeleza anachoweza na asichoweza. Mpitie kile kituo cha Portsmouth. Kisha ziiteni kampuni tatu nyumbani, mmoja mmoja, na wewe uliyefanya kazi hiyo miaka sita ndiye uulize maswali, maana utalijua jibu la kubabaisha kabla ya wengine. Atakayechaguliwa apewe mwezi mmoja wa kutazamwa. Akishindwa, mbadilishwe bila haya.

Na kadi irudi katika pochi ya mzee. Aliilipia kwa mapafu yake.